Loda Mbele, Uzito Nyuma

Mazungumzo ya leo ni ya wenye matrekta, hasa matrekta madogo ya zamani. Asiye na trekta naye asizime redio, kwa maana habari hii inamfikia kijana anayeshika beleshi mtoni, mama anayenunua lori la samadi, na mwashi anayengoja mchanga ili amalize ukuta.

Swali lenyewe ni hili. Mzee ana Massey Ferguson yake, pengine 35, pengine 135, pengine 240. Inalima, inavuta trela ya miwa, haimsumbui. Siku moja anapita barabarani anakuta mashine kubwa ya manjano ikichota changarawe na kuimwaga ndani ya lori, na dereva wake hata jasho hana. Anarudi nyumbani, anaizunguka trekta yake, anajiuliza: mbona hii nisiifungie loda mbele? Fundi wa kuchomelea yupo pale sokoni. Vyuma vinauzwa. Jeki za haidroliki zinapatikana kwa wauza vyuma chakavu. Kuna ugumu gani?

Mimi siwezi kumcheka mzee huyo, maana hesabu yake ya kazi ni sawa kabisa. Trekta yake ina msimu. Kuanzia Januari hadi Machi, kabla ya mvua ya masika kukolea, anaitwa huku na huku kulima na kupiga haro. Mahindi yakishaota, trekta inaegeshwa. Inaamka tena wakati wa kuvuna, Oktoba hadi Desemba, kuvuta magunia kutoka shambani. Katikati hapo kuna miezi mizima ambayo mali ya thamani kubwa kuliko zote bomani imesimama chini ya mwembe. Na katika miezi hiyohiyo watu wanajenga, wanasomba mchanga, wanatoa samadi kwenye mazizi, wanajaza mashimo ya barabara. Kazi ipo. Trekta ipo. Kinachokosekana ni mkono wa kuziunganisha.

Jambo lenyewe pia si geni duniani. Ferguson TE20, ile trekta ndogo ya kijivu iliyoundwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956, ilikuwa na loda yake ya samadi iliyouzwa na kampuni yenyewe. Mikono yake ilikuwa imepinda, wakulima wa huko wakaiita loda ya ndizi. Massey Ferguson 35 ndiyo iliyorithi nafasi ya TE20, na mwisho wa 1964 ikaja 135. Kwa hiyo ukiniuliza kama trekta hizi zinaweza kubeba loda, jibu ni ndiyo, zimebeba, na baadhi bado zinabeba hadi leo.

Lakini hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Watu wengi huitazama loda kama kitu cha mbele, kwa sababu macho yanaliona baketi. Fundi naye anaanza mbele: anapima bampa, anakata vyuma, anachomelea. Mimi nasema kazi ya loda huanzia nyuma ya trekta, kwenye ekseli kubwa na kwenye kile kilichofungwa nyuma yake. Ukianza mbele, utamaliza kwa kuvunja trekta au kuvunja mtu.

Mwenye kalamu na aandike, tufanye hesabu. Tuchukue trekta ya kiasi cha 135, uzito wake kama kilo 1,500. Sehemu kubwa ya uzito huo imekaa nyuma. Tuseme kilo 950 nyuma na 550 mbele. Kutoka ekseli ya mbele hadi ekseli ya nyuma ni kama mita 1.8. Sasa chota mchanga wa mtoni uliolowa. Mita moja ya ujazo ya mchanga wa namna hiyo hukaribia kilo 2,000, kwa hiyo baketi la robo mita linabeba karibu kilo 500. Tuwe wapole, tuseme 400.

Mchanga huo haujakaa juu ya ekseli ya mbele. Umekaa mbele yake, kama mita moja na nusu. Basi ekseli ya mbele inakuwa egemeo, kama kwenye bembea ya ubao wanayochezea watoto: upande mmoja ukishuka, wa pili unapanda. Zidisha 400 kwa 1.5, unapata 600. Gawanya kwa 1.8, unapata 333. Hizo kilo 333 zimeondolewa kwenye magurudumu ya nyuma, na zimehamia mbele. Ekseli ya mbele imepokea zile 400 za mchanga pamoja na hizi 333, yaani 733. Na bado hatujaihesabu loda yenyewe. Vyuma vyake vikiwa kilo 350, na kitovu cha uzito wake kikiwa nusu mita mbele ya ekseli, nyuma kunapungua tena kilo 97 na mbele kunaongezeka 447.

Jumlisha yote. Nyuma kulikuwa na 950, sasa kumebaki 520. Mbele kulikuwa na 550, sasa kuna 1,730. Ekseli iliyoundwa kuongoza trekta ya kulima imetwikwa mara tatu ya mzigo wake wa kila siku, na hiyo ni trekta ikiwa imesimama mahali tambarare. Ikiruka tuta au kuingia kwenye shimo, mzigo huo unapiga kwa nguvu kubwa zaidi.

Turudi nyuma kwenye zile kilo 520. Trekta hizi za zamani zinasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Breki nazo ziko nyuma peke yake. Mbele hakuna breki. Kwa hiyo ulipoinua mchanga, umepunguza kwa karibu nusu uzito unaoshikisha tairi zile ambazo ndizo za kuendesha na ndizo za kusimamisha. Mahali pakavu dereva anaweza asione tofauti kubwa. Mvua ikinyesha, kwenye udongo wa njia ya kuteremka mtoni, akikanyaga breki magurudumu yanafunga na trekta inaendelea kwenda. Ndiyo maana anayeshuka mlima na baketi lenye mzigo hushuka kinyumenyume, baketi likiwa upande wa juu, ili mteremko wenyewe uyakandamize magurudumu yenye breki. Na zile pedali mbili za breki ziunganishwe kwa kile kipande cha chuma kilichowekwa hapo kwa kazi hiyo. Nimeona matrekta mengi sana ambayo kipande hicho kilishapotea.

Dawa ya tatizo hili haihitaji utajiri. Tengeneza sanduku la chuma la sentimita 55 kila upande, lijaze zege, ulifunge kwenye ile mikono mitatu ya nyuma inayobeba plau. Litakuwa na uzito wa kama kilo 400. Likikaa sentimita 90 nyuma ya ekseli, ile hesabu iliyokuwa adui inageuka rafiki: nyuma panaongezeka kilo 600, na mbele panapungua kilo 200. Ekseli ya nyuma inapanda hadi 1,120, ya mbele inashuka hadi 1,530. Ona: umeongeza zege nyuma, na mbele kumepungua. Hii ndiyo sababu nasema loda inaanzia nyuma. Fundi anayekuuzia loda bila kulitaja sanduku hilo amekuuzia nusu ya mashine.

Waweza pia kutia maji kwenye tairi za nyuma. Valvu inazungushwa ije juu, maji yanajazwa mpaka robo tatu ya tairi, robo inayobaki inabaki na hewa. Tairi moja ya kiasi hicho hupokea zaidi ya lita 150, na lita moja ya maji ni kilo moja. Wenzetu wa nchi za baridi wanalazimika kuchanganya chumvi ya kalsiamu ili maji yasigande. Huku kwetu, hata Kitale asubuhi ya Julai, maji matupu yanatosha. Ila maji ya tairi hayachukui nafasi ya sanduku. Maji yamekaa juu ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo yanaongeza uzito hapo bila kuinua kitu mbele. Sanduku limekaa nyuma ya ekseli, ndiyo maana linafanya kazi mbili.

Kuna jambo jingine la uzito ambalo hata madereva wazoefu hawalijui, na ndilo linaloua. Trekta ina magurudumu manne, na mtu akiitazama anaamini imesimama juu ya pembe nne. Haijasimama hivyo. Ekseli ya mbele imefungwa kwa pini moja katikati ili iweze kucheza, gurudumu moja lipande tuta na jingine libaki chini. Kwa hiyo mwili wa trekta umeegemea nukta tatu: gurudumu la nyuma la kushoto, gurudumu la nyuma la kulia, na ile pini ya mbele. Ni pembetatu, na ncha yake nyembamba iko mbele. Ukitia mzigo kwenye baketi unauvuta uzito wote kuelekea ile ncha nyembamba. Ukiliinua baketi juu, unaupandisha uzito huo hewani. Sasa pita kandokando ya mteremko, gurudumu moja la nyuma lipande kwenye jiwe. Trekta inalala ubavu kabla dereva hajatamka neno.

Wasikilizaji wa Kapsokwony na Cheptais, ninyi mnaolima kwenye miteremko ya Mlima Elgon, hili nawaambia ninyi hasa. Trekta nyingi za umri huo hazina fremu ya kumkinga dereva inapopinduka. Uswidi ilianza mwaka 1959 kudai kinga hiyo kwenye trekta mpya, nchi nyingine zikafuata baadaye sana, na trekta zetu nyingi za zamani ziliingia nchini bila hiyo. Kama una pesa za loda, toa kwanza za fremu ya dereva na mkanda. Magurudumu ya nyuma pia yapanuliwe. Kwenye Massey hizi yanapanuka kwa kugeuza rimu, kazi ya saa chache. Na baketi lenye mzigo litembee likiwa chini, karibu na goti. Linainuliwa tu pale kando ya lori, trekta ikiwa imenyooka na inakwenda polepole.

Basi sasa tuingie kwa fundi. Bado tunaongea juu ya nyuma, msishangae.

Trekta hizi hazina chasi kama lori. Henry Ford alipotoa Fordson Model F mwaka 1917, aliiunda bila fremu: injini, giaboksi na nyumba ya ekseli ya nyuma zikafungwa kwa bolti, zikawa zenyewe uti wa mgongo. Ferguson na Massey zikafuata njia hiyohiyo. Ni muundo mzuri, mwepesi na wa bei nafuu, lakini una maana moja kwa mtu anayetaka loda. Ukizifunga nguzo za loda mbele pekee, kwenye injini na kile chuma kinachobeba ekseli ya mbele, kila msukumo wa baketi kwenye rundo la changarawe unapinda ule uti wa mgongo kwenye maungio yake. Bolti kati ya injini na nyumba ya klachi zinalegea. Mafuta yanaanza kuvuja. Siku moja ile nyumba ya klachi, ambayo ni ya kasti, yaani chuma cha kumiminwa, inapasuka, na trekta inakatika vipande viwili.

Loda iliyofungwa vizuri ina fremu yake, vyuma viwili virefu vinavyopita ubavuni mwa injini kila upande, kutoka mbele hadi kwenye nyumba ya ekseli ya nyuma. Nguvu ya baketi inapita kwenye vyuma hivyo na kuishia nyuma, mahali penye chuma kinene kuliko pote. Uti wa mgongo wa trekta unabaki na kazi yake ya kawaida. Ukienda kwa fundi, hilo ndilo swali lako la kwanza: vyuma hivi vinaishia wapi? Akikuonyesha mbele tu, mshukuru, uondoke.

Swali la pili: utavifunga kwa kitu gani? Nyumba ya ekseli ni kasti, na kasti haichomelewi ovyo. Ukiigusa kwa moto wa kuchomelea, inapoa ikiwa na nyufa ambazo jicho halizioni. Usikubali pia atoboe matundu mapya. Trekta imetoka kiwandani na matundu yenye nyuzi, ya kufungia vitu vya namna hii. Yanatafutwa, yanasafishwa, yanatiwa bolti ngumu. Kuchomelea kote kufanywe kwenye fremu ikiwa imeshushwa chini, mbali na trekta. Ikibidi kuchomelea kitu kikiwa kwenye trekta, waya za betri na za altaneta zitolewe, na kibanio cha waya wa ardhini kikae karibu kabisa na mahali panapochomelewa, la sivyo umeme unapita kwenye beringi na kuziharibu.

Haidroliki nitaieleza kwa kirefu kidogo, maana ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu anadhani kwa kuwa trekta inainua plau, basi inayo haidroliki ya kutosha loda. Kwenye Massey 35 na 135 pampu imejificha ndani ya nyumba ya nyuma, imezama kwenye mafuta, na inazungushwa na shafti ya PTO, ile inayozungusha mashine zinazofungwa nyuma. Ukiitoa PTO, pampu imelala. Kama trekta ina klachi ya hatua moja, kila ukikanyaga klachi pampu inasimama, na kazi ya loda ni kukanyaga klachi tangu asubuhi hadi jioni. Zaidi ya hayo, vali ya kuongoza pampu hiyo iko upande wa kuvuta mafuta. Mifumo mingi ya loda inahitaji pampu inayosukuma mafuta wakati wote, halafu vali iyagawe baadaye. Kwa hiyo huwezi kununua vali yoyote sokoni, ukaifunga, ukatarajia mambo yakae sawa. Na mtiririko wenyewe ni mdogo, hauvuki sana lita 20 kwa dakika.

Kuna njia mbili za kweli. Ya kwanza ni ya wazee wa zamani: jeki za kusukuma upande mmoja tu, mafuta yanainua, uzito wa loda unashusha, na baketi halina jeki, lina kufuli la chuma na kamba au mtaimbo mdogo. Dereva akivuta, baketi linajimwaga lenyewe. Pampu ya ndani inaweza kazi hiyo. Ni polepole, huwezi kulibonyeza baketi lichimbe udongo mgumu, lakini kwa samadi na mchanga uliolegea linatosha, na vitu vya kuharibika ni vichache. Mimi naipenda njia hii.

Ya pili ni kufunga pampu mpya mbele, inayozungushwa na puli ya injini, yenye tangi lake, chujio lake, na vali ya kupunguza shinikizo. Hapo jeki zinasukuma na kuvuta, na baketi linageuzwa kwa jeki zake. Hii ni kazi safi, ila ni ghali, na ndipo hesabu ya jeki inapoingia. Jeki yenye kipenyo cha ndani cha milimita 50, kwa shinikizo la kilo 140 kwa kila sentimita mraba, inasukuma karibu kilo 2,750. Mbili zinasukuma 5,500. Mtu akisikia hivyo anafurahi, anataka kubwa zaidi. Kumbukeni ile ekseli ya mbele yenye kilo 1,730. Jeki kubwa haiongezi uwezo wa trekta. Inaongeza uwezo wa kuivunja. Vali ya kupunguza shinikizo ndiyo inayosema basi, imetosha. Fundi akikwambia ameikaza kabisa ili loda iwe na nguvu, mwambie ailegeze mbele yako.

Na mafuta yakivuja kwenye paipu, usipapase kwa mkono kutafuta tundu. Mafuta yanayotoka kwenye tundu jembamba kwa shinikizo la namna hiyo yanapenya ngozi na kuingia nyamani. Mwanzoni inaonekana kama umechomwa na mwiba, haiumi sana, mtu anaenda kulala. Baadaye mkono unavimba na unaweza kukatwa. Tumia kipande cha katoni. Ikitokea umepenywa, nenda hospitali saa ileile, ukamwambie daktari kwamba ni mafuta ya haidroliki. Wala mtu asisimame chini ya mikono ya loda iliyoinuliwa, hata dakika moja, hata kama dereva ni babake mzazi. Paipu haitoi taarifa kabla ya kupasuka.

Stelingi sitaitolea maneno mengi. Isiyo na msaada wa haidroliki, kwa ekseli yenye uzito huo, itamchosha dereva mabega na itamaliza kingpini na beringi za mbele upesi. Baadhi ya 240 zilikuja na stelingi ya haidroliki, na mwenye trekta kama hiyo ana mahali pazuri pa kuanzia. Tairi za mbele zibadilishwe, ziwekwe pana zaidi na zenye nyuzi nyingi. Inua mbele kwa jeki, shika gurudumu juu na chini, litikise. Likicheza sasa kabla ya loda, usiulize litakuwaje baada ya loda.

Sasa nitoe maoni yangu waziwazi, na asiyekubali anayo haki. Kwa mwenye 35 au 135, yenye stelingi ya mkono na klachi ya hatua moja, simshauri aweke loda mbele. Namshauri sanduku la kubebea la nyuma, lile linalofungwa kwenye mikono ya plau. Linarudishwa kinyume kwenye rundo, linachota kiasi, linainuliwa, linapelekwa. Haliwezi kupandisha mzigo ndani ya lori, nakubali. Lakini samadi kutoka zizini hadi shambani, mawe, kuni, magunia ya mbolea wakati wa kupanda, udongo wa kujazia njia ya bomani, vyote linaviweza, na uzito uko nyuma mahali ambapo Ferguson, yule mwenye jina la trekta hizi, alikusudia uwe tangu alipobuni mikono ile. Linahitaji tu vyuma vizito kidogo vya kufungwa mbele ili pua isiinuke. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na loda kamili. Mwenye 240 yenye stelingi ya haidroliki, au trekta kubwa kidogo, au ile inayosukumwa na magurudumu yote manne, huyo aendelee na loda, kwa masharti tuliyotaja: fremu hadi nyuma, sanduku la zege, vali iliyopimwa, kinga ya dereva.

Na wale vijana wa mabeleshi je? Lori la tani 7 ni kama mabaketi 18 ya kilo 400. Loda ikichukua dakika mbili kwa kila baketi, lori limejaa ndani ya dakika 40. Vijana wanne waliokuwa wakilijaza wanakuta lori limeondoka. Jambo hili linaniuma, sitalifunika. Ndivyo ilivyokuwa kwenye miwa pia, pale mashine za Bell za magurudumu matatu kutoka Afrika Kusini zilipoanza kupakia kwenye mashamba ya miwa ya eneo letu. Siwezi kumwambia mwenye trekta aache maendeleo. Naweza kumwambia hivi: dereva wa loda yako mchague kutoka kwa vijana haohao. Wanaujua mchanga, wanajua ukingo gani wa mto unamomonyoka, wanajua lori gani linaelemea upande mmoja. Mfundishe mmoja vizuri, mlipe vizuri. Na vyuo vyetu, Kitale National Polytechnic, Kisiwa na Sang'alo, vina vijana wanaojifunza kuchomelea na makanika. Natamani kuona darasa moja linachukua Massey kuukuu, linaunda fremu ya loda kwa vipimo, linaipima, na kubandika michoro ukutani ili fundi yeyote wa jua kali aje anakili. Sasa hivi kila fundi anakisia peke yake, na ni mkulima anayelipia makisio hayo.

Kitu kimoja nisikisahau: magunia na magogo. Loda nyingi za kuundwa hapa hazina kile chuma kinacholiweka baketi sawa linapopanda. Kadiri mikono inavyoinuka, baketi linajilaza nyuma, kuelekea kwa dereva. Mchanga hauna shida, unabaki ndani. Gunia la mahindi la kilo 90 linaweza kuteleza likashuka juu ya mikono ya loda hadi kwenye stelingi, na nyuma ya stelingi amekaa mtu. Baketi ni la vitu vinavyomwagika. Magunia yapakieni kwa mikono, au kwa jukwaa.

Siku ya kuichukua trekta kutoka kwa fundi, usiende jioni. Nenda asubuhi, na mchanga uliolowa uwe tayari pale. Funga sanduku la nyuma kwanza. Jaza baketi, liinue futi moja tu kutoka ardhini, zima injini, ukae ulitazame kwa robo saa. Likishuka sana, mafuta yanapita mahali, mwambie fundi atafute. Washa, endesha mahali tambarare kwa gia ya chini, kanyaga breki. Magurudumu ya nyuma yakiteleza, nyuma bado ni kwepesi: ongeza uzito au punguza mchanga, na alama ya kiasi hicho uichore kwa rangi ndani ya baketi, ili kila dereva atakayepanda aione. Halafu uinamie chini, na tochi mkononi, uangalie pale injini inapoungana na nyumba ya klachi. Pakiwa pakavu, lipa. Pakiwa na jasho la mafuta, usilipe bado.